Mkebe wa bibi: sarafu ya 1780, rupia ya Mjerumani na ya njano ya 1916. Nitajuaje kama zina thamani?

Mwalimu wa Nzega

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaojua sarafu za zamani wanisaidie kabla ukoo haujapasuka.

Bibi yangu mzaa baba alifariki mwaka jana, Tabora mjini. Siku ya arobaini shangazi alifungua kasha lake mbele ya watu wote. Kanga wakagawana, sufuria wakagawana, mimi nikapewa mkebe wa biskuti kwa kuwa ndiye niliyekuwa namwogesha na kumlisha alipolala kitandani. Hakuna aliyeutaka siku ile. Sasa hivi kila mtu anautaka.

Ndani yake kuna hivi:

Kwanza, sarafu kubwa nyeupe, pana kuliko mdomo wa chupa ya soda, ina mama mnene aliyejifunika mtandio na nyuma yake tai mwenye vichwa viwili. Mwaka ni 1780. Hii ndiyo iliyoleta balaa.

Pili, rupia ya Mjerumani. Mbele kuna mtu mwenye masharubu na kofia ya chuma iliyokaliwa na tai, nyuma simba na mnazi. 1892. Bibi alikuwa akiivaa shingoni sikukuu, kwa hiyo ina kijipete kilicholehemiwa juu. Kila Idi alikuwa akiisugua kwa majivu na ndimu mpaka masharubu yamebaki kivuli.

Tatu, sarafu ya njano, nzito, imekatwa vibaya, haina hata uduara wa kueleweka. Ina taji, chini yake D.O.A., 1916 na herufi T. Upande wa pili 20 HELLER katikati ya vijitawi. Watu wawili nyumbani wameapa ni dhahabu.

Kisha rundo la senti zenye tundu za Mwingereza, na vishilingi viwili vya simba.

Binamu yangu ni dalali Dar es Salaam, wa viwanja lakini siku hizi anadalalia chochote. Alipopata habari ya 1780 akapekua simu, akakuta mtu anaiuza sarafu kama hiyo kwa dola elfu ishirini. Tangu siku hiyo nikipigiwa simu naulizwa hali ya sarafu kwanza, hali yangu baadaye. Baba mdogo naye anasema babu alikuwa na nyingine "ya tembo", ndogo ya dhahabu, na anataka nieleze imekwenda wapi. Babu alifariki mimi sijazaliwa.

Binamu ameniunganisha na mnunuzi. Huyo bwana hakuuliza picha wala uzito. Alinielekeza nimwage punje za mchele kwenye sahani, niisogeze rupia polepole. Mchele ukivutwa, basi ni "yenyewe" na anatoa milioni 50. Nilifunga mlango wa jiko nikajaribu. Mchele haukuhama. Nilipompa majibu akasema nguvu yake imelala, inatakiwa kupimwa kwa mtambo, gharama ni laki tatu, nitume kwa simu.

Sijatuma. Ila nataka kujua ukweli: je, kuna chochote cha thamani humu, na mtu wa kawaida kama mimi hapa Nzega anaanzia wapi kujua? Mizani niliyo nayo ni ya jikoni, ya kupimia unga.

---

Kijana wa Isevya

Pole na msiba mwalimu. Huyo wa mchele mwambie laki tatu aikate kwenye hizo milioni 50, uone kama simu yake haitazima ghafla 😂

Kwenye hizo senti za tundu angalia kama ipo ya 1936 yenye jina EDWARDVS. Huyo mfalme alikaa mwaka mmoja tu hata haukuisha, akaacha ufalme kwa ajili ya mwanamke. Nasikia sarafu zake ni mali sana Uingereza.

---

Msaka Hazina

Dada usiwasikilize wanaobeza. Rupia za Mjerumani zilitiwa zebaki ndani, ndiyo maana Wazungu wanazitafuta mpaka leo. Sio zote zinavuta mchele, inategemea mwaka. Njoo faragha tuzungumze, mimi sitaki hela ya vipimo, nataka uniletee tu niione.

---

Babu Rupia, Tanga

Mwalimu, pole sana na msiba. Mimi ni mstaafu, nimekusanya sarafu za pwani na za bara tangu nikiwa karani kijana, na mkebe kama wako nimeufungua mara nyingi kwenye meza za watu. Nitajibu kwa urefu, nivumilie.

Nianze na huyo aliyetangulia. Rupia haina zebaki. Zebaki ni kimiminika na hula fedha. Ukiipakaza kwenye sarafu inageuka doa la kijivu, haikai ndani kama mafuta kwenye andazi. Rupia yako ni mchanganyiko wa fedha 917 kwa elfu, iliyobaki ni shaba nyekundu, na fedha wala shaba hazivuti kitu chochote, si sumaku wala mchele. Sarafu ikivutwa na sumaku ndipo ujue ni ya bandia, chuma kimepakwa rangi. Kwa hiyo mtihani wa yule bwana uko kichwa chini: sarafu halali ndiyo inayofeli. Hila hii ya mchele iko India pia, kule wanaisingizia sarafu za Kampuni ya Mashariki ya India, na mwisho wake ni huohuo: "vipimo" vya kulipia kabla. Usiende faragha na mtu yeyote. Jibu kila kitu hapahapa mbele ya watu.

Sasa sarafu zenyewe.

Hiyo ya 1780 ndiyo yenye umri mdogo kuliko zote, au inaweza kuwa. Najua hutaamini. Yule mama ni Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, na alifariki mwaka huohuo wa 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sura yake na uzito wa fedha yake, wakawa hawataki nyingine. Basi wapigaji sarafu wakaendelea kupiga ileile, kwa mwaka uleule, baada ya yeye kuzikwa. Imepigwa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Vienna wanaipiga mpaka leo, unaweza kuagiza mpya inayong'aa yenye mwaka 1780. Ya bibi yako huenda ilifika Unyanyembe, huko kwenu Tabora, na misafara ya pembe za ndovu, huenda ilinunuliwa kwa Mwarabu wa duka miaka ya 1950. Wataalamu hutofautisha kwa kuhesabu manyoya ya mkia wa tai na lulu za bruchi begani mwa malkia. Kwa wewe inatosha kujua kwamba zimepigwa mamilioni kwa mamilioni, na nyingi thamani yake ni fedha iliyomo: gramu 28.07 kwa jumla, fedha halisi gramu 23 na ushei. Angalia pia ukingo: ya kweli ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ukikuta ukingo laini au wa meno kama wa shilingi, usiendelee.

Na zile dola elfu ishirini za binamu yako? Hiyo ni bei ya mtu anayeuza, si ya mtu aliyenunua. Mimi pia naweza kuandika mtandaoni kwamba baiskeli yangu ni milioni 200. Mwambie binamu atafute mahali palipoandikwa kwamba bidhaa imeshauzwa na imeuzwa kwa kiasi gani. Nyumba za mnada za Ujerumani, kama Künker ya Osnabrück, huweka wazi matokeo ya minada yao. Kuorodhesha sarafu na kujua aina yake, tumia tovuti ya Numista, ni bure.

Rupia ya 1892. Yule mwenye masharubu ni Kaiser Wilhelm wa Pili. Simba na mnazi ni alama ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotoa rupia hizi kuanzia 1890 hadi 1902. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ikachukua kazi, simba akaondoka, na rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya visarafu 64 vilivyoitwa pesa. Uzito wake gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India, maana ndiyo iliyokuwa ikitumika sokoni na hakuna ambaye angeipokea nyepesi zaidi. 1892 ni mwaka wa kawaida. Iliyotumika lakini haijaharibiwa huuzwa makumi ya dola, si mamia. Yako imelehemiwa kijipete na imesuguliwa kwa majivu nusu karne. Mkusanyaji hataitaka, nasema hivi bila kumlaumu marehemu, kwani ilikuwa yake na aliivaa. Ila usikivunje hicho kijipete. Kovu la lehemu halifutiki, na utakuwa umeharibu pambo bila kupata sarafu.

Kama ingekuwa rupia mbili, ile pana iliyoandikwa ZWEI RUPIEN ya 1893 au 1894, ningezungumza lugha nyingine. Hizo zilipigwa chache, zinakwenda mamia ya dola na zile nzuri zaidi ya hapo. Wenye mikebe humu ndani angalieni.

Sasa ya njano. Hii ndiyo niliyoinuka kwenye kiti kuandikia. Si dhahabu, waambie hao wawili wakae chini. Ni shaba ya njano, na imetengenezwa hapohapo Tabora. D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani, na T ile ni Tabora. Wakati wa vita vya kwanza meli za Mwingereza zilifunga bahari, fedha kutoka Berlin zikakatika, na askari na wapagazi walihitaji kulipwa. Gavana Schnee na serikali yake walikuwa wamehamia Tabora. Wakapiga sarafu kwenye karakana ya reli, reli ambayo ilikuwa imefika mjini kwenu 1912 tu, wakatumia shaba waliyoipata pamoja na maganda ya risasi. Ndiyo sababu imekatwa ovyo na uzito wake haufanani na wa jirani yake. Zilipigwa 5 heller na 20 heller, na hizi za 20 ziko za njano na za shaba nyekundu. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaishia hapo.

Thamani? Nayo ni ya makumi ya dola, kwa sababu zilipigwa kwa wingi sana. Lakini mihuri ya kupigia sarafu ilibadilishwa njiani, na wakusanyaji wanaitofautisha: kuna taji kubwa na taji dogo, na ncha za herufi L mbili kwenye HELLER, ama zimejikunja ama zimechongoka. Baadhi ya mchanganyiko huo ni adimu na bei hupanda mara kadhaa. Kwa hiyo hii moja inastahili kuangaliwa kwa lenzi.

Ya tembo ya baba yako mdogo ilikuwepo kweli duniani. Ni Rupia 15 ya dhahabu, karakana ileile, mwaka uleule, dhahabu ya machimbo ya Sekenke kule Singida. Tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake milima. Zilipigwa 16,198. Ina upana wa milimita 22 hivi, uzito gramu 7.17, dhahabu 750 kwa elfu. Hiyo huuzwa maelfu ya dola. Na kwa sababu hiyo, za bandia ni nyingi kupita kiasi, nimeletewa ya aluminiamu iliyopakwa rangi ambayo mwenye nayo alikuwa analala nayo chini ya mto. Kama babu alikuwa nayo na ikauzwa zamani, imekwenda, wewe hudaiwi.

Kijana wa Isevya: Edward wa Nane uko sahihi kwa nusu. Sarafu za Uingereza zenye sura yake ni mali kubwa. Lakini senti 5 na senti 10 zetu zina tundu katikati, hazina pa kuweka kichwa cha mfalme, kwa hiyo jina lake tu liliandikwa na zikapigwa mamilioni, zikasambaa Kenya, Uganda na Tanganyika kabla hata hajaacha ufalme. Mtu yeyote mwenye debe la senti za bibi anayo moja. Ni nzuri kumwonyesha mtoto historia, ila usimwambie mkeo umeomoka.

Mwalimu, fanya hivi. Usisafishe kitu. Si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu, si kwa kitambaa. Nenda kwa sonara ukope mizani yenye desimali mbili, umwambie unapima tu. Weka glasi ndogo ya maji juu ya mizani, rudisha namba ziwe sifuri, kisha ninginiza sarafu kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni ujazo wake. Gawanya uzito wa sarafu nje ya maji kwa hiyo namba. Fedha ya rupia itatoa kama 10.3, ya Maria Theresa kama 10.1 hadi 10.2. Shaba ya njano huwa 8 na nusu hivi. Dhahabu ya Rupia 15 ingefika 15. Huo ndio mtambo, na haugharimu laki tatu.

---

Fundi Sonara, Mwanza

Shikamoo mzee Babu Rupia. Umenimaliza maneno, naongeza kidogo upande wetu wa dukani.

Mwalimu, ukienda kwa sonara usimwachie sarafu ukaenda kunywa chai. Sisemi ni wezi, mimi mwenyewe ni fundi. Ila desturi yetu ya kujua madini ni kusugua kwenye jiwe na kutonesha tindikali, na fundi mwenye haraka anaweza kupiga tupa ukingoni kabisa aone ndani. Kwetu ni kawaida, kwa sarafu ni kovu. Mwambie mapema: mizani tu.

Jambo la pili, sonara ananunua kwa gramu. Ukimletea Maria Theresa atakupa bei ya fedha, tena atakata kidogo kwa ajili ya kuyeyusha. Hajali mwaka, hajali tai ana manyoya mangapi. Rupia nyingi za bibi zetu zimeishia kwenye sufuria za kuyeyushia, mimi nimeyeyusha za kutosha kutengeneza vipini na bangili, na wateja walifurahi. Kwa hiyo usiuze kwa fundi kabla hujajua kama mkusanyaji anaitaka. Ukishajua haitakiwi na mkusanyaji, hapo hamna ubaya, fedha ni fedha. Ulizia maduka mawili matatu, bei ya gramu hailingani hata mtaa mmoja.

Na hiyo rupia yenye kijipete, kuna akina mama wanaiulizia hivyohivyo kama kidani. Kwao lehemu si kasoro.

---

Msaka Hazina

Mnamkatisha tamaa dada wa watu. Kama rupia hazina kitu, mbona watu wanachimba usiku?

---

Babu Rupia, Tanga

Wanachimba kwa sababu kuna mtu wa mchana anayewauzia ramani.

---

Mtu wa Kilwa Masoko

Samahani kudandia uzi wa mwenyewe. Huku kwetu mvua ikinyesha tunaokota ufukweni visarafu vidogo vya shaba nyekundu, vina Kiarabu, havina mwaka. Navyo vina bei?

---

Babu Rupia, Tanga

Ndugu yangu wa Kilwa, hivyo ni vya masultani wa Kilwa wenyewe. Vingi vina jina la Ali bin al-Hasan, na maandishi ya pande zote mbili yanakwenda kwa vina, upande mmoja unajibu mwingine. Vipo vitano viliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wanabishana vilifikaje.

Lakini suala lako si kama la mwalimu. Yeye amerithi vitu vilivyopigwa juzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini na binadamu kabla ya mwaka 1863, na vyako viliutangulia mwaka huo kwa karne nyingi. Anayevikuta anatakiwa kutoa taarifa, kuviuza au kuvisafirisha bila kibali ni kosa. Nenda kwa watu wa Mambo ya Kale, na uwaambie hasa umeviokota wapi. Mahali vilipolala ndipo panapowaeleza kitu. Kikishaingia mfukoni mwa mtu bila maelezo, kinabaki kipande cha shaba.

---

Mwalimu wa Nzega

Shikamoo babu. Nimerudi na majibu. Sonara mmoja hapa mjini alinikubalia, ila alidhani ninafanya uganga nilipotoa glasi ya maji na uzi. Wateja wake waliacha kuchagua hereni wakasimama kutazama.

Rupia pamoja na kijipete chake: gramu 12.40. Kwenye maji 1.21. Nikigawanya napata 10.25.

Ya 1780: gramu 27.90, kwenye maji 2.77. Inakuja 10.07. Ukingo una maandishi, nimeyasoma kwa taabu lakini CLEMENTIA ipo wazi.

Ya njano: gramu 11.20, kwenye maji 1.32. Nimepata 8.48. Nimewapigia simu wale wawili wa dhahabu. Mmoja amekata simu, mwingine anasema maji ya Nzega yana chumvi.

Sumaku haikuvuta hata moja.

Mambo ya nyumbani: nimemtumia binamu maelezo yako kuhusu Maria Theresa, akakaa kimya siku nzima, jioni akaniuliza kama rupia nayo nimeipima. Baba mdogo ndiye aliyenishangaza. Nilimsomea habari za karakana ya reli na Wabelgiji, akasema babu yake yeye alibebeshwa mizigo na Mjerumani kutoka Tabora kwenda kusini, akarudi na mguu mbovu na malipo ya vyuma vya njano ambavyo Mwingereza alivikataa. Hajawahi kutuhadithia hilo. Sasa anataka ya njano, na ya 1780 hataki hata kuiona.

Nimeipiga picha kwa lenzi niliyoazima maabara ya shule. Taji ni kubwa, karibu linagusa ukingo. L ya kwanza ncha yake imechongoka, ya pili imejikunja kama mkia wa mbuzi. Hiyo ni adimu au ya kawaida?

Na swali la mwisho, niziweke wapi? Mkebe una kutu.

---

Babu Rupia, Tanga

Marahaba mwalimu. Vipimo vyako ni safi kuliko vya watu wengi wanaojiita wafanyabiashara. Rupia ni fedha halali, kilichozidi kwenye uzito ni kijipete na lehemu. Maria Theresa ni halali pia, upungufu wa kama sehemu kumi na saba za mia za gramu moja ni uchakavu tu. Ya njano ni shaba, kama tulivyosema.

Taji kubwa na L ya pili iliyojikunja: kwenye za njano hiyo ni ya kawaida, ndiyo ninayoiona mara nyingi. Kama hiyohiyo ingekuwa nyekundu ningekuomba picha zaidi. Usitumie fedha kuipeleka Marekani kwa wale wa kupima na kufungia kwenye plastiki ngumu, NGC na PCGS; nauli na ada vitaimeza sarafu yote na chenji hutapata. Huduma hiyo inafaa kwa kitu kama ile ya tembo.

Ukitaka kuuza, Maria Theresa uiuze kwa bei ya fedha ya siku hiyo, gramu 23.3 za fedha halisi zidisha kwa bei ya gramu, na usikubali chini sana ya hapo. Rupia iache kama kidani. Habari ya baba yako mdogo iandike kwenye karatasi, kwa jina la huyo mzee na kijiji alichotoka, uiweke pamoja na ile ya njano, kwa sababu za njano nimeziona nyingi, ila iliyokuja na jina la aliyelipwa nayo sijawahi kuishika.

Kuhifadhi: bahasha ndogo za karatasi kavu, kila sarafu na yake, mbali na jiko. Usitumie vile vifuko laini vya plastiki vyenye harufu, baada ya miaka hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Mkebe wa kutu mwachie shangazi awekee vifungo.

---

Mwalimu wa Nzega

Asante sana babu. Baba mdogo anakuja Jumamosi kuniandikisha hiyo habari, na anasema kijiji kipo, ni upande wa Sikonge, na kaburi la huyo mzee analijua. Yule wa milioni 50 amenipigia tena leo, vipimo vimeshuka bei hadi elfu themanini.

---

Kijana wa Isevya

Ngoja ifike elfu tano, utamlipa kwa senti za Edward.